Viazi vya Kuponda kwa Mgonjwa Mwenye Shida ya Kumeza

Mtu aliyepatwa na kiharusi huweza kupoteza uwezo wa kumeza sawasawa. Chakula kikiingia katika njia ya hewa, huweza kumkaba papo hapo au kumletea nimonia baadaye. Ndugu wanaomwuguza hujua kwamba anahitaji chakula laini, na wengi humpikia viazi mviringo vya kuponda. Uchaguzi huo ni mwema, lakini ulaini peke yake hautoshi. Viazi vyenye mabonge humkaba mgonjwa. Vinavyonata hubaki kooni baada ya kumeza, kisha huweza kuingia mapafuni.

Mgonjwa wa kiharusi asipewe chochote kwa mdomo, hata maji, kabla mhudumu wa afya hajapima umezaji wake. Somo hili linamhusu yule aliyekwisha kuruhusiwa kula chakula laini kisichohitaji kutafunwa.

Kwa nini viazi hunata

Ndani ya kiazi mna chembechembe za wanga ambazo huvimba zinapopikwa. Zikipondwa kwa nguvu mno, au zikisagwa kwa blenda, hupasuka na kutoa wanga unaonata kama gundi. Siri ya viazi laini, basi, ni kuviponda kidogo na vingali moto.

Namna ya kupika

1. Menya nusu kilo ya viazi, ukate vipande vinavyolingana, uvitie katika maji baridi na kuvichemsha hadi kisu kipenye bila kukwama.
2. Mwaga maji yote. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja ili viazi vikauke.
3. Vipitishe katika chujio vingali moto, ukivisukuma kwa mgongo wa kijiko. Chujio huzuia mabonge.
4. Changanya vijiko viwili vya siagi au mafuta, kisha ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo, ukikoroga taratibu.

Kipimo cha kijiko

Chota kijiko kimoja. Viazi vinapaswa kukaa juu yake bila kuchuruzika. Kiinamishe: vinapaswa kuanguka vyote pamoja, kijiko kikibaki karibu kitupu. Vikigandama, ongeza maziwa ya moto. Vikichuruzika kama uji, ongeza viazi. Rudia kipimo mgonjwa anapokaribia kula, kwa maana viazi hukaza vinapopoa.

Wakati wa kula

Mgonjwa awe macho na aketi wima. Mpe kiasi kidogo kwa kijiko cha chai, na usubiri ameze kabla ya kumpa kingine. Akikohoa, sauti yake ikiwa kama yenye maji, au akihema kwa shida, acha kumlisha na umwite mhudumu. Akimaliza, asafishwe kinywa na abaki ameketi kwa nusu saa.

Tahadhari

Mwenye shinikizo la juu la damu apunguziwe chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa mtaalamu wa lishe, kwa kuwa viazi vina potasiamu nyingi. Kuvikata vipande vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga huipunguza, lakini hakuiondoi yote.

Kwa mhudumu wa afya: kabla ya kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, mwombe ndugu atakayempikia afanye kipimo cha kijiko mbele yako. Maelezo ya mdomo husahaulika upesi. Alichokifanya kwa mkono wake atakikumbuka jikoni.