Umeme Ukikata, Laptopu Iamke na Kazi Yako: Vidokezo 7

Nilikuwa kwenye steshenari moja ya Mbagala Rangi Tatu, foleni ya kuprinti imefika mlangoni, umeme ukakata. Dada wa pale hakushtuka. Akabonyeza kitufe, laptopu ikalala na kazi zote ndani, kama alivyozoea. Umeme uliporudi akaiwasha: feni ikazunguka, taa ya chaji ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Usiku wa kuamkia siku hiyo Windows ya mashine hiyo ilikuwa imejiapdeti. Na CV ya kijana aliyesimama mbele yake ilikuwa humo ndani, haijaseviwa.

Kwetu sisi, kuanzia Bunju hadi Chamazi, usingizi huu wa kompyuta ndio kinga ya kazi. Ukivurugika baada ya apdeti, usikimbilie kupiga Windows upya. Anza na haya.

1. Tofautisha usingizi mwepesi na usingizi mzito. "Sleep" huiacha kazi kwenye RAM, nayo RAM inataka umeme muda wote. Betri ikiisha, kazi imekwenda. "Hibernate" huiandika kazi kwenye diski, kisha mashine inazima kabisa. Kama laptopu yako ni ya mtumba na betri imechoka, tegemea usingizi mzito.

2. Skrini ikiwa nyeusi, vuta subira. Diski za zamani zinazozunguka huchukua muda kuirudisha kazi. Taa ya diski ikiwa inapepesa, iache. Zikipita dakika kumi bila dalili yoyote, chomoa flashi na printa, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 15, kisha washa tena. Ulikuwa unatumia Word? Ifungue kabla hujaanza kuandika upya, huenda imekutunzia nakala ya dharura.

3. Kama "Hibernate" haionekani, irudishe. Andika cmd kwenye menyu ya Start, bofya kulia, chagua "Run as administrator". Andika powercfg /hibernate on, bonyeza Enter. Halafu nenda Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", ukaweke tiki kwenye Hibernate. Ikigoma, andika powercfg /a: itakuonyesha usingizi upi unapatikana, na kwa nini mwingine haupatikani.

4. Angalia nafasi kwenye diski. Kazi yako inalala ndani ya faili iitwayo hiberfil.sys, ambayo kwa kawaida hutengewa asilimia 40 ya RAM. Mwenye RAM ya GB 8 ahesabu kama GB 3.2. Apdeti kubwa nayo huacha folda ya Windows.old yenye GB nyingi. Kama mashine inafanya kazi vizuri na huna mpango wa kurudi toleo la zamani, iondoe kwa Disk Cleanup. Hiberfil.sys usiifute kwa mkono.

5. Shughulikia draiva ya skrini. Feni inazunguka lakini huoni kitu? Mshukiwa wa kwanza ni huyu. Skrini ikirudi baada ya kuwasha upya, fungua Device Manager, "Display adapters", bofya kulia, "Properties", kisha "Roll Back Driver" kwenye kichupo cha Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua draiva ya modeli yako kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na wengi wamelazimisha Windows 11 kwenye mashine zisizotimiza vigezo vyake. Hizo zinaweza kukosa draiva. Ukiambiwa uapdeti BIOS, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikata katikati, mashine inaweza isiwake tena.

6. Zima "Fast Startup" kwa majaribio. Ipo palepale kwenye Power Options. Ikiwa imewashwa, ukibonyeza "Shut down" mashine haizimi yote: sehemu ya Windows inalazwa kwenye faili ileile ya usingizi, na hitilafu ya jana inaweza kuamka nayo. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

7. Mwisho kabisa, ondoa apdeti yenyewe. Nakili kazi zako kwenye flashi kwanza. Kisha Settings, Windows Update, "Update history", "Uninstall updates", uondoe ile ya siku tatizo lilipoanza. Simamisha apdeti kwa wiki moja, lakini usizizime moja kwa moja, kwa sababu ndizo zinazoziba mianya ya wadukuzi.

Yule dada alirudisha draiva ya zamani na mashine ikaamka vizuri tangu hapo. CV haikupatikana, waliichapa upya, mstari kwa mstari, kijana akiitaja kwa kichwa. Sasa umeme ukikata, kabla hajagusa kitufe cha kulaza, vidole vyake vinaanzia kwenye Ctrl na S.