SOMO KWA WAWEKA HAZINA: DAFTARI LA KIKUNDI NDANI YA KOMPYUTA



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari linaweza kuwekwa ndani ya kompyuta, iwe ya saiba pale Maua mjini au ya kijana mmoja wa kikundi. Kompyuta inajumlisha haraka kuliko sisi sote. Lakini haijui jasho la mtu. Ukiiandikia vibaya, itatoa jibu baya bila haya, na mama aliyeuza maziwa akaweka akiba yake ataambiwa hakuweka. Basi leo tujifunze kuandika daftari linalojikagua lenyewe.

1. KUPANGA KARATASI

Fungua lahajedwali, yaani karatasi ya kompyuta iliyogawanywa visanduku vingi. Excel inafaa. LibreOffice Calc inafaa pia, nayo ni ya bure. Safu zinazoshuka zina herufi A, B, C. Mistari inayolala ina namba 1, 2, 3. Kwa hivyo B2 ni kisanduku cha safu B, mstari wa 2. Panga hivi:

Mstari 1: Jina | Januari | Februari | Machi | Jumla
Mstari 2: Mwanachama wa 1 | 200 | 200 | 200
Mstari 3: Mwanachama wa 2 | 200 | 100 | 300
Mstari 4: Mwanachama wa 3 | 200 | 200 | 100
Mstari 5: Mwanachama wa 4 | 100 | 200 | 200

Ambaye hakuleta mchango, mwandikie 0. Usiache wazi. Tutaona sababu.

2. FOMULA ZA JUMLA

Fomula ni agizo kwa kompyuta, na huanza na alama ya =. Neno SUM maana yake ni jumlisha.

Katika E2 andika: =SUM(B2:D2)
Hii ni jumla ya mwanachama wa kwanza, yaani 600. Nakili E2 hadi E5. Kompyuta itabadilisha namba za mistari yenyewe.

Katika B6 andika: =SUM(B2:B5)
Hii ni jumla ya Januari, yaani 700. Nakili hadi E6. Februari utapata 700, Machi 800, na E6 itakuwa 2,200.

3. MLINZI WA KWANZA

Pesa ukiihesabu kwa watu au kwa miezi, ni ile ile. Kwa hivyo katika E7 andika:

=IF(E6=SUM(B6:D6),"SAWA","TAFUTA KOSA")

Maana yake: kama jumla ya watu ni sawa na jumla ya miezi, sema SAWA, kama sivyo, sema TAFUTA KOSA. Mtu akifuta fomula moja kwa bahati mbaya na kuandika namba juu yake, mlinzi huyu ataweza kupiga kelele.

Kosa linalowapata wengi ni la mwanachama mpya. Ukimwandika chini ya jina la mwisho, fomula inaweza kumwacha nje. Ingiza mstari mpya katikati ya majina, na fomula za miezi zitajinyoosha zenyewe. Kisha nakili fomula ya safu E kwenye mstari wake. Ukisahau, mlinzi atakuambia.

Msidhani ni kosa la watu wa kijijini tu. Mwaka wa 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa maandishi juu ya madeni ya serikali, na wakubwa wengi wa nchi wakayategemea. Mwaka wa 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, alipewa karatasi yao ya Excel. Akaona, pamoja na mambo mengine, fomula moja iliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje!

4. MLINZI WA PILI

Kuna kosa ambalo mlinzi wa kwanza halioni. Tuseme katika D3 umeandika 300/= badala ya 300. Kwa kompyuta hayo ni maneno, sio namba. Haiyajumlishi kwa watu wala kwa miezi. Jumla itakuwa 1,900 na bado itasema SAWA! Shilingi 300 za mwanachama wa 2 zimetoweka hivi hivi. Ni hivyo hivyo ukiandika herufi O mahali pa sifuri.

Dawa ni COUNT, ambayo huhesabu visanduku vyenye namba tu. Katika B7 andika =COUNT(B2:B5) na unakili hadi D7. Jibu lazima liwe 4, yaani idadi ya wanachama. Likitoka 3, kuna mtu ameandikwa vibaya au ameachwa wazi. Ndiyo sababu ya ile 0. Tena angalia kwa macho: kwa kawaida namba huegemea kulia, maneno huegemea kushoto.

5. MLINZI WA TATU NI NYINYI

Ukiandika 100 badala ya 200, hakuna fomula itakayojua. Kwa hivyo kila mwezi fanyeni hesabu hii: michango yote, ongeza faini na riba iliyolipwa, toa matumizi. Jibu lazima lilingane na pesa ya sanduku, ya benki, ya M-Pesa, na mikopo ambayo haijarudishwa. Kisha katibu asome jumla ya kila mtu kwa sauti mkutanoni. Asiyejua kusoma anajua alichotoa.

6. KUTUNZA FAILI

- Weka nakala tatu: kwenye flashi, kwenye barua pepe ya kikundi, na ya karatasi iliyotiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.
- Weka neno la siri. Ukilisahau katika Excel, hata kampuni ya Microsoft haiwezi kukurudishia. Kwa hivyo viongozi wawili walijue, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa, ikae kwa mtu wa tatu.
- Ukimaliza kazi saiba, futa faili pale, kisha toka kwenye barua pepe. Namba za vitambulisho na simu za wanachama sio za kila mtu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019.
- Msitupe daftari la mkono. Stima ikipotea, mkutano utaendelea.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mweka hazina wetu akiugua leo, ni nani mwingine anayeweza kufungua hesabu zetu?
2. Ni lini kila mwanachama alisikia jumla yake ikisomwa?
3. Chukueni miezi mitatu ya daftari lenu, muiandike kama tulivyoonyesha. Je, walinzi wote wanasema sawa? Kama hawasemi, msianze kulaumiana. Tafuteni kosa kwanza, mstari kwa mstari, mkiwa pamoja.