Safari ya Darasa Isimwache Mtu Stesheni

Wadogo zangu wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba na vijiji vyote vya bonde letu la Kilombero, leo tuzungumze safari za shule, maana maswali yenu ya siku hizi yamefanana. Mmeona video za wanafunzi wa Japani wakizunguka Tokyo, Kyoto na Nara, sare zimenyooka, ramani mkononi, wanacheka na kuandika, nanyi mmetamani. Mnauliza: na sisi tufanyeje? Twende Dar es Salaam au Zanzibar? Na yule mwenzetu ambaye kwao hali ni ngumu, itakuwaje?

Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Darasa la watu hamsini likisafirisha ishirini, hiyo ni safari ya wenye uwezo, si ya darasa. Wale thelathini watakaobaki watasikiliza hadithi za wenzao mpaka mwisho wa muhula, na wengine watajifanya hawakutaka kwenda. Ushauri wangu basi ni huu: chagueni safari ambayo wote mnaimudu, hata ikiwa ya karibu, anzeni kuchanga mapema, na kila mmoja wenu apewe kazi ya kufanya njiani. Hayo matatu mkiyashika, mengine yatajipanga.

Wenzetu wa Japani hufanyaje?

Kwao safari ya shule ni desturi ya zamani. Mwaka 1886 wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo walifunga safari ya siku kadhaa kwenda mkoa wa Chiba, na safari ile ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa desturi yenyewe. Ilipofika mwaka 1959, reli ya huko ilianzisha treni maalumu za wanafunzi: Hinode iliyotoka upande wa Tokyo kwenda Kyoto, na Kibo iliyotoka upande wa Kyoto na Osaka kwenda Tokyo.

Nataka mtazame kilichoko nyuma ya zile video. Kwanza, wazazi wengi huchanga kidogo kidogo kwa miezi mingi kabla ya safari, hivyo siku ya kuondoka haimkuti mtu hana kitu. Pili, darasa hugawanywa vikundi vidogo, na ndani ya kikundi kila mtu ana wajibu wake: kiongozi, mtunza muda, mwangalizi wa afya, mwandishi. Kikundi chenyewe hupanga kitapita wapi na saa ngapi, na walimu huwasubiri kwenye vituo walivyokubaliana. Tatu, hutengeneza kijitabu cha safari chenye ratiba, ramani, kanuni na orodha ya vitu vya kubeba. Wanaokwenda Hiroshima husoma kwanza habari za bomu la atomiki lililoangushwa huko tarehe 6 Agosti 1945, na wengi hukunja ndege wa karatasi darasani ili wakawaweke kwenye Bustani ya Amani. Mtoto anapofika pale tayari ana maswali kichwani, na anajua kwa nini amekuja.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji yen. Yote yanawezekana Ifakara kwa daftari, kalamu na mwalimu mwenye moyo.

Anzeni na bonde letu

Najua mtaguna: "Dada, bonde tunaliona kila siku." Mnaliona, lakini wangapi wenu mmewahi kupanda mpaka Maporomoko ya Sanje? Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako hapo Mang'ula. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuiona, na ninyi mnapita getini mkienda mnadani.

Njia ya Sanje ni ya kupanda mlima, tena msituni. Nendeni taratibu pamoja na mwongozaji wa hifadhi, maana mizizi huteleza na jua halipenyi sana. Mkikaa kimya mtasikia matawi yakitikisika juu: huenda ni mbega mwekundu wa Iringa, ambaye hupatikana milima hii na misitu ya jirani tu. Msitu huohuo una kima wa Sanje, anayeitwa na watafiti Sanje mangabey. Wenyeji walikuwa wakimjua, lakini wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na jina lake limebeba jina la kijiji chetu cha Sanje. Mkifika juu, maji yanaanguka zaidi ya mita 170, na ukigeuka unaliona bonde lote chini: mashamba ya miwa, mashamba ya mpunga, barabara na reli. Hapo mwalimu wa jiografia asiseme kitu. Kila kikundi kichore ramani ya kinachokiona, kisha mlinganishe.

Siku hiyohiyo, mkiondoka alfajiri, mnaweza kuteremka hadi Kidatu. Kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 204 kinachotumia maji ya Ruaha Mkuu, na kuna viwanda vya sukari ya Kilombero. Sehemu hizi haziingiwi kienyeji. Mkuu wa shule aandike barua wiki nyingi kabla, aeleze idadi yenu, kidato na mnachotaka kujifunza. Na kwa hifadhi, ulizeni mapema kiingilio cha wanafunzi wa Kitanzania, kwa sababu hakilingani na cha mgeni wa nje.

Hapo Kidatu kuna somo jingine. Ombeni ruhusa ya mkuu wa stesheni, akiwepo mhudumu wa reli, mpime kwa futi kamba upana kati ya vyuma viwili vya reli ya TAZARA. Mtapata milimita 1,067. Upana huo ndio wa reli nyingi za kawaida za Japani. Kidatu ndipo TAZARA inapokutana na tawi la reli ya kati linalotoka Kilosa, ambalo upana wake ni milimita 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Mzigo hauna budi kuhamishwa. Reli yetu mpya ya SGR nayo ina upana wa milimita 1,435, sawa na Shinkansen, treni ya kasi ya Japani iliyoanza mwaka 1964 kati ya Tokyo na Osaka. Mwanafunzi aliyeshika futi kamba mwenyewe hasahau, na atauliza swali ambalo wataalamu wa uchumi wanaliuliza: nchi inalipa gharama gani reli zake zisipolingana?

Na mjini Ifakara msiipite Taasisi ya Afya Ifakara. Ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, chini ya Profesa Rudolf Geigy. Leo watafiti wake, wengi wao Watanzania, hufuga mbu ndani ya majengo ya wavu ili wajue tabia zao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kilombero na Ulanga zilikuwa mahali pa majaribio ya kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, kabla mpango haujaenea nchini. Chandarua ulichochomekea jana usiku kina historia, na sehemu yake iliandikwa mtaani kwenu.

Je, mjini tusiende?

Nendeni, lakini iwe safari ya pili, mkishajifunza kusafiri. Kama mnataka miji, nawapa njia ya mzunguko. Pandeni TAZARA kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na njiani hukatiza pori la Nyerere ambako wanyama huonekana dirishani. Ratiba yake hubadilika, kwa hiyo kaulizeni stesheni wenyewe, msitegemee maneno ya mtaani. Dar es Salaam nendeni Makumbusho ya Taifa mkaone habari za fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, kisha Kijiji cha Makumbusho mkaone nyumba za makabila yetu. Kurudi, pandeni SGR hadi Morogoro, ambayo ilianza kubeba abiria mwaka 2024, halafu basi kupitia Mikumi hadi nyumbani. Mtakuwa mmeonja reli mbili za upana tofauti na barabara inayopita katikati ya hifadhi, ndani ya safari moja.

Fedha ifuate mpunga

Sasa tuongee mchango, maana hapa ndipo safari nyingi hufia. Shule hutangaza mwezi wa pili kwamba fedha zote zitolewe kabla ya mwezi wa tatu. Wadogo zangu, mwezi wa pili mzazi wa bonde hili yuko shambani hadi magotini, mfuko mtupu, anasubiri mpunga. Mwezi wa sita na wa saba ndipo anavuna na kuuza. Pangeni safari mwezi wa nane au wa tisa: mzazi ana kitu mkononi, masika yameisha, barabara imekauka, na njia ya Sanje haitelezi sana.

Tuseme, kwa mfano tu, gharama ya kila mtu ni shilingi 40,000. Mkianza mwezi wa kwanza hadi wa nane, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Asiyeweza kila mwezi, mzazi wake aahidi madebe ya mpunga wakati wa mavuno, mwalimu aandike, darasa liuze kwa bei ya siku hiyo. Pembeni muwe na mfuko wa darasa: kaangeni vitumbua muuze wakati wa mapumziko, limeni bustani ya mchicha, na faida yote iingie humo. Mfuko huo ndio utakaomlipia aliyepungukiwa, na jina lake lisisomwe mbele ya watu. Msaada ukitangazwa unamvunja mtu heshima. Ukitolewa kimya unamjengea. Fedha zitunzwe na mwalimu pamoja na wanafunzi wawili, msichana na mvulana, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi.

Neno na wasichana, na wavulana nao wasikilize

Mdogo wangu wa kike, usikae nyumbani kwa sababu tarehe zako zimeangukia siku ya safari. Beba pedi za kutosha, nguo ya ndani ya akiba, khanga moja na mfuko wa kuhifadhia uchafu mpaka upate pa kuutupa. Mwalimu wa kike awepo kwenye kila safari yenye wasichana. Kama hayupo, mzazi mmoja wa kike aombwe kusindikiza. Wavulana, mkimwona mwenzenu amejifunga khanga ghafla, msicheke. Msaidieni kubeba begi.

Kanuni za usalama ziandikwe kwenye kijitabu cha safari. Tembeeni watatu watatu, mtu asiende chooni wala dukani peke yake. Mtu mzima yeyote, awe dereva, mwongozaji au mwalimu, hana ruhusa ya kumwita mwanafunzi mmoja faragha. Akifanya hivyo, kataa, ondoka, mwambie mtu mwingine mzima unayemwamini, au piga namba 116, ambayo ni ya kumsaidia mtoto na haina malipo. Hutakuwa umeharibu safari; aliyeiharibu ni yeye. Mkipita Daraja la Magufuli, tazameni mto Kilombero kutoka juu. Msiteremke kuoga, maana mamba na viboko wapo. Na mkilala nje ya nyumbani, chandarua ni lazima.

Mzazi akisema "mnakwenda kutembea tu"

Usimjibu kwa kununa. Mpelekee karatasi moja yenye mambo matano: mnakwenda wapi, na nani, mnarudi saa ngapi, gharama ni kiasi gani, na wewe binafsi umepewa kazi gani. Mzazi wa hapa hachukii elimu. Anaogopa barabara, anaogopa aibu, na anaogopa fedha kupotea. Karatasi hiyo inajibu hofu zote tatu. Msomee kama hasomi vizuri, kwa adabu, jioni baada ya chakula, si asubuhi anapokimbilia shamba.

Mkirudi, wiki hiyohiyo waiteni wazazi shuleni. Kila kikundi kieleze kwa dakika kumi: ramani mliyochora Sanje, vipimo vya reli, mlichoelezwa kuhusu mbu. Mzazi aliyeuza debe lake la mpunga ana haki ya kuona limezaa nini, na akiridhika, kidato kinachowafuata kitapata ruhusa bila kubembeleza.

Basi wiki hii fanyeni kitu kimoja: kaeni na mwalimu wenu mlezi, chagueni mahali pamoja na mwezi mmoja, na barua ya kwanza ya maombi iandikwe kabla ya Ijumaa.

Dada yenu awapendaye.