Kufuta Tangazo Hakutoshi: Idai Anwani Yako kwa Maandishi

Ukiingia jengo la ofisi hapa Naguru, Kampala, askari wa getini anakusogezea daftari: jina, namba ya simu, siku hizi hata barua pepe. Gym nayo inaitaka, saluni inaitaka, duka la nguo linaitaka "likutumie risiti". Muda si mrefu yanaanza kumiminika matangazo ya viwanja na mikopo ya papo kwa papo. Unafuta, unanung'unika, unafuta tena. Kufuta hakumbani mtu. Kinachombana mtumaji ni maandishi yako.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 kwa kawaida inamtaka anayekusanya taarifa zako apate ridhaa yako kwanza. Ridhaa hiyo iwe ya hiari, ihusu jambo mahususi, na uwe umeelezwa unakubali nini. Daftari la getini ni la usalama. Hukujiandika humo ili utangaziwe viwanja. Na kile kisanduku ambacho tayari kimewekwa alama ya "nakubali" kabla hujakigusa, kwa maoni yangu, hakifai kuitwa ridhaa, kwa sababu sheria inataka kauli au kitendo chako mwenyewe kilicho wazi. Risiti ya ulichonunua au ujumbe wa kukukumbusha miadi ya daktari ni habari nyingine, hayo si matangazo.

Sasa mdai. Mwandikie mtumaji hivi: "Acheni kutumia taarifa zangu kwa matangazo. Nielezeni pia mlizipata wapi. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14." Ombi la kwanza linatoka katika sheria ya 2019: ukishampa mtumaji notisi ya maandishi, ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi kwamba ameacha au anakusudia kuacha, au kukupa sababu za kukataa. Ombi la pili linatoka katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, inayompa mteja aliyetumiwa tangazo asiloliomba haki ya kujiondoa kwenye orodha bila malipo, na ya kuambiwa chanzo cha taarifa zake akiuliza. Watu wengi hawaulizi hilo la pili, na ndilo linalowatoa watumaji jasho. Kiswahili kimezoeleka katika kambi ya polisi hapa Naguru, lakini barua ya ofisi ya mauzo iandike kwa Kiingereza, tusijidanganye. Hifadhi nakala yenye tarehe.

Tahadhari moja: barua pepe isiyo na jina la biashara unayoitambua, inayokuahidi zawadi au urithi, usiijibu wala usibofye "jiondoe" yake. Utakuwa umemthibitishia tapeli kwamba anwani ina mwenyewe. Iweke kwenye taka.

Siku 14 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, pamoja na nakala ya notisi yako. Usidhani ofisi hiyo ni ya wakubwa tu. Baada ya shirika la Unwanted Witness kuibua suala la SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda kwa programu ya simu, NITA-U ilichunguza na mwaka 2021 ikabaini kwamba taarifa za abiria, zikiwemo barua pepe na namba za simu, zilikuwa zikifika kwa CleverTap, kampuni ya Marekani inayosaidia biashara kuwafuatilia wateja, bila abiria kuelezwa ipasavyo. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Data iliamua kwamba Google nayo ilikiuka sheria kwa kutojisajili kwenye ofisi hiyo. Waliolalamika walikuwa raia wanne.

Nawe mwenye saluni au kliniki, usome hapa. Kosa ninaloliona mara nyingi si la ukorofi, ni la haraka: tangazo la sikukuu linatumwa kwa wateja wote, na anwani zote zinaonekana juu. Weka anwani hizo kwenye BCC, sehemu inayozificha kwa wapokeaji wengine. Kwa saluni ni aibu. Kwa kliniki ni hatari kubwa zaidi, kwani hali ya afya ni data maalumu kisheria, na orodha ya wagonjwa wa kliniki fulani inaweza kumfichua mtu bila neno la ugonjwa kutajwa. Kijana akikuletea flashi yenye "anwani elfu za Kampala" kwa bei poa, mfukuze. Kuuza data binafsi ni kosa la jinai: faini isiyozidi pointi 245 za sarafu, yaani shilingi 4,900,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kuongezewa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Afadhali uweke karatasi kaunta, juu yake uandike: "Ukitaka habari za ofa zetu, andika barua pepe yako hapa." Watakaojaza watakuwa wachache, ila hao watazifungua barua zako.