Nyigu Mdogo, Mlinzi wa Muhogo

Somo kwa wakulima wa Kasongo na Kabambare

Ndugu mkulima, muhogo ni chakula chako cha kila siku. Mizizi yake hukupa unga wa ugali, na majani yake hukupa sombe. Mpunga ukikosa mvua, muhogo hubaki udongoni ukikungojea. Basi adui wa muhogo ni adui wa nyumba yako, na yule amwuaye adui huyo ni rafiki yako, hata akiwa mdogo kuliko punje ya mchele. Leo tutajifunza kumtambua rafiki huyo, usije ukamwua kwa kutojua.

1. Adui ni nani?

Nenda shambani wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita hata wa nane. Tazama vilele vya miti ya muhogo. Ukiona majani ya juu yamejikunja na kusongamana kama ngumi, geuza jani moja. Pengine utaona wadudu wadogo wa rangi ya waridi, wamejifunika kitu cheupe kama unga. Mdudu huyu huitwa kidung'ata wa muhogo, na jina lake la kitaalamu ni Phenacoccus manihoti. Hunyonya maji ya mti na kutia sumu yake ndani, na mti hudumaa. Wote ni majike. Huzaa pasipo dume, na mmoja hutaga mayai mamia. Mvua kubwa huwaosha, ndiyo maana huzidi wakati wa kiangazi.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini, kama muhogo wenyewe. Mwaka 1973 habari zake zilikuwa zimekwisha kusikika katika nchi mbili za Kongo, kisha akaenea mbali. Mahali pengine wakulima walipoteza hata sehemu nane katika kumi za mizizi yao. Wataalamu wakajiuliza: Huko kwao, mbona hamalizi muhogo? Jibu ni hili: huko kwao ana adui wake. Mwaka 1981 walimwona kidung'ata huyu Paraguay, wakaona na nyigu amwuaye. Nyigu hao walifugwa katika chuo cha IITA, Ibadan, nchi ya Nigeria, na mwaka ule ule wakaanza kuachwa mashambani. Baadaye walifika nchi zaidi ya 20 za Afrika, pamoja na Kongo. Bwana Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

2. Kabila lake na jina lake

Wataalamu huwapanga wadudu kama sisi tunavyojipanga kwa kabila, mlango na ukoo. Kabila la nyigu huyu ni Hymenoptera, yaani wenye mabawa manne ya utando mwembamba. Nyuki, siafu na manyigu wakubwa ni wa kabila hilo. Mlango wake ni Encyrtidae. Watu wa mlango huu ni wadogo sana, na miguu yao ya katikati ina mwiba wenye nguvu wa kurukia. Ukimgusa, huruka kama kiroboto kabla ya kupiga mabawa. Ukoo wake ni Anagyrus, na jina lake mwenyewe ni lopezi.

Aliyemwandika kwanza ni Luis De Santis wa Argentina, mwaka 1964, akampa ukoo wa Apoanagyrus. Vitabu vingine vilimwita Epidinocarsis. Ukikuta majina hayo matatu usifadhaike. Mdudu ni yule yule.

3. Umbo lake

Jike ana urefu wa milimita moja na zaidi kidogo. Mwili wake ni mweusi, na mabawa yake huonyesha nuru kama kioo. Tazama hasa vipapasio vya kichwani. Vya jike vina weusi na weupe, na pingili ya kwanza ni pana na bapa kama jani. Dume ni mdogo zaidi, na vipapasio vyake ni vyembamba, vyenye manyoya. Usimwogope, kwa kuwa nyigu huyu hawezi kumchoma mtu. Sindano yake ni ya kutagia mayai.

4. Kazi yake

Jike huvutwa na harufu ya muhogo ulioshambuliwa. Akifika, humpapasa kidung'ata, humchoma, na kutia yai ndani yake. Wengine huwachoma ili kunywa maji ya mwili wao tu, nao hufa vilevile. Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu humla kidung'ata kwa ndani. Kidung'ata huvimba, ngozi yake hukauka na kuwa ngumu, rangi ya kahawa. Hili tunaliita ganda. Baada ya majuma mawili au matatu tangu yai kutagwa, nyigu mzima hukata tundu la mviringo, akatoka.

Sasa shika neno hili. Katika kidung'ata mdogo, mara nyingi jike hutaga yai la dume. Katika kidung'ata mkubwa hutaga yai la jike. Nao majike ndio wafanyao kazi. Udongo ukiwa mchanga mtupu, usio na rutuba, muhogo huwa dhaifu, vidung'ata hubaki wadogo, na majike ya nyigu huzaliwa machache. Kwa hiyo mwenye kulisha udongo wake amelisha pia jeshi lake.

5. Tufanye nini?

Kwanza, usikate na kuchoma vilele vyote kwa haraka. Tazama kwanza. Ukiona maganda ya rangi ya kahawa, yaache, kwa maana ukiyachoma umewachoma askari wako wangali usingizini.

Pili, usinyunyize dawa ya wadudu ovyo. Dawa haichagui, humwua rafiki pamoja na adui.

Tatu, chagua vipande vya kupanda kutoka miti safi. Kidung'ata husafiri juu ya vipande hivyo toka kijiji hata kijiji. Ukitoa vipande Kasongo kwenda kumpa shemeji yako Kabambare, vikague kimoja kimoja kabla ya kufunga mzigo.

Nne, funika udongo kwa majani makavu, na tia mbolea ya zizi ukiwa nayo. Usichome majani yote ya palizi.

Ukitaka kuona kwa macho yako, chuma kilele chenye maganda, ukitie katika chupa, ufunge mdomo kwa kitambaa. Kila asubuhi tazama. Utakapowaona nyigu wamepanda juu ya kioo, waonyeshe watoto wako, kisha ifungue chupa katikati ya shamba.

Maulizo

1. Kwa nini vidung'ata huzidi wakati wa kiangazi?
2. Utamtofautishaje nyigu jike na dume?
3. Ganda la rangi ya kahawa lina nini ndani?
4. Udongo mbaya huwapunguzaje majike ya nyigu?
5. Jirani yako anataka kuchoma vilele vyote vya shamba lake. Utamwambia nini?