Somo la Kumi na Nne: Kutafuta Hitilafu katika Bodi ya Maikrokontrola

Kisiwa cha Makoongwe kiko karibu na mji wa Mkoani, kusini ya Pemba. Wakazi wake huvuka bahari kwa chombo wanapokwenda mjini. Kifaa kikiacha kufanya kazi katika kisiwa kama hicho, si rahisi kupata kingine siku ile ile. Kwa hiyo, kabla ya kukitupa kifaa, yafaa kwanza kujua kama kweli kimeharibika. Katika somo hili tutajifunza kutafuta hitilafu kwa mpango.

Maikrokontrola ni nini?

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo sana iliyomo ndani ya kidude kimoja cheusi. Hupokea habari, huzifanyia hesabu, kisha hutoa amri. Kidude hicho hubandikwa juu ya bodi pamoja na taa ndogo, matundu ya nyaya, na tundu la USB. Mwaka 2005, mjini Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi walianza kutengeneza bodi ya bei nafuu kwa ajili ya kujifunzia. Waliiita Arduino. Michoro yake ilitolewa wazi kwa watu wote, na leo bodi za namna hiyo hutengenezwa na viwanda vingi.

Bodi hizi zaweza kusaidia kazi za pwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kisha kikaenea Pemba. Mwani wa aina ya kotonii hupata bei nzuri, lakini hudhoofika na kufa maji yakipata joto kupita kiasi.

Tuseme wanafunzi wa darasa la tano wa Makoongwe wanataka kupima joto la maji ya bahari kila siku. Wameunga kipimajoto kwenye bodi yao. Sasa wanataka kuipa bodi maagizo kutoka kwenye kompyuta mpakato. Wanachomeka waya wa USB. Taa ya bodi inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Mwanafunzi mmoja anasema, "Bodi imekufa." Je, ni kweli?

Mnyororo wa viungo

Bodi na kompyuta huunganishwa na vitu kadhaa vinavyofuatana kama viungo vya mnyororo. Navyo ni hivi: programu ya kompyuta, tundu la kompyuta, waya, tundu la bodi, na bodi yenyewe. Kiungo kimoja kikikatika, kazi yote husimama, hata kama viungo vingine vyote ni vizima.

Jambo kama hili liliwahi kutokea Unguja. Tangu mwaka 1980 kisiwa hicho kilipata umeme kutoka bara kwa waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Desemba 2009 hitilafu ilitokea katika njia hiyo ya umeme, na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Taa na majokofu ya watu hayakuwa na kasoro. Mtu ambaye angelifungua jokofu lake kutafuta ubaya angelipoteza siku nzima bure.

Ndani ya waya wa USB

Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne nyembamba ndani yake. Mbili hupitisha umeme, na mbili hupitisha habari. Lakini ziko nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchajia simu tu. Hizo zina nyaya mbili za umeme, wala hazina nyaya za habari. Kwa nje zote hufanana.

Basi taa ya bodi ikiwaka, hutuonyesha kwamba umeme umefika. Haituonyeshi kwamba habari zimefika.

Jaribio: Je, waya huu hupitisha habari?

Vifaa: kompyuta mpakato, bodi ya maikrokontrola, na nyaya mbili za USB zinazoingia katika tundu la bodi.

Namna ya kufanya:

1. Toa kipimajoto na nyaya zake zote kwenye bodi. Nyaya zilizogusana vibaya zaweza kuzuia bodi isifanye kazi.
2. Bandika karatasi yenye herufi A kwenye waya wa kwanza, na herufi B kwenye waya wa pili.
3. Fungua katika kompyuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Andika majina unayoyaona.
4. Unganisha bodi kwa waya A. Tazama taa, kisha tazama orodha. Andika ulichoona.
5. Chomoa waya A. Tumia waya B katika tundu lile lile. Andika ulichoona.
6. Rudisha waya A mara ya pili.

Tuseme taa iliwaka kwa nyaya zote mbili, lakini jina jipya lilitokea katika orodha kwa waya B peke yake. Uliporudisha waya A, jina lilitoweka tena. Sasa una ushahidi: kasoro iko katika waya A. Bodi haikufa.

Angalia kwamba tulibadili kitu kimoja tu kila mara. Kama tungelibadili waya na tundu kwa pamoja, tusingelijua ni kipi kilichotengeneza mambo.

Kama bodi bado haionekani

Endelea kiungo kwa kiungo:

Taa haiwaki. Sukuma waya mpaka uingie vizuri. Jaribu tundu jingine la kompyuta. Chunguza matundu kama yana kutu au ukoga. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo hula metali upesi. Mwombe mwalimu ayasafishe baada ya kuchomoa waya.

Taa inawaka, na waya ni mzima. Huenda kompyuta haina programu ndogo ya kuiwezesha kuwasiliana na bodi. Programu hiyo huitwa kiendeshi. Bodi za viwanda mbalimbali huweza kuhitaji viendeshi tofauti.

Jina linaonekana, lakini maagizo hayapiti. Hakikisha umechagua aina sahihi ya bodi na mlango sahihi katika programu. Funga programu nyingine inayoutumia mlango huo.

Yote yamejaribiwa. Unganisha bodi hiyo kwenye kompyuta nyingine inayofanya kazi na bodi za aina hiyo, kwa waya ule ule mzima. Ikikataa huko pia, sasa una sababu ya kusema kwamba bodi ndiyo mbovu.

Tahadhari

Umeme wa USB katika bodi hizi ni volti 5. Umeme wa ukutani ni volti 230 hivi, nao huua. Usifungue kamwe soketi wala chaja. Chomoa waya wa USB kabla ya kugusa nyaya za bodi.

Mambo ya kukumbuka

Anza na viungo vilivyo rahisi kupima. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika kila unachoona. Usikihukumu kifaa kabla ya kukipima.

Maswali

1. Taja viungo vitano vilivyo kati ya programu na bodi, pamoja na hivyo viwili.
2. Kwa nini taa ya bodi yaweza kuwaka wakati kompyuta haioni bodi?
3. Katika jaribio letu, kwa nini tulirudisha waya A mara ya pili?
4. Mtu amebadili waya na kompyuta kwa pamoja, na bodi ikaonekana. Je, anajua kasoro ilikuwa wapi? Eleza.
5. Tochi ya nyumbani haiwaki. Chora mnyororo wa viungo vyake, kisha andika utakachopima kwanza, cha pili na cha tatu.