Daktari Akikosea: Dhamana katika Fiqhi na katika Mahakama za Uganda



Mama akifia uzazini, au mtoto akitoka hospitalini na mguu uliolemaa baada ya sindano, neno la kwanza kwetu ni inna lillahi. Hilo ni haki. Tatizo ni kwamba wengi wetu, hasa wenye wazazi na jamaa Nakivale, tunalifanya kuwa neno la mwisho pia. Anayeuliza "daktari alikuwa wapi?" huambiwa anapingana na qadari. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba fiqhi yetu haisemi hivyo, kisha tuone mahakama za hapa zinafanyaje.

Tuanze na dhamana. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba anayejitia kutibu watu bila kujulikana kwa elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara. Wanazuoni wakajenga juu ya hapo. Tabibu hodari aliyepewa idhini na akafuata kanuni za kazi yake, hadaiwi kitu hata mgonjwa akifa, kwa sababu hakuahidi uzima bali aliahidi juhudi. Hodari huyohuyo mkono ukiteleza, hilo ni kosa la khata: hana dhambi, lakini diya ipo, na kuna waliosema ilipwe na aqila yake au na Baitul Mali. Ibn Rushd na Ibn al-Qayyim wamelieleza jambo hili kwa urefu. Tazama walivyotenganisha dhambi na fidia. Aya ya 92 ya Suratun Nisaa inazungumzia diya kwa aliyeua kwa kukosea, na wakati huohuo hakuna Mwislamu anayesema kifo kile kilitoka nje ya qadari.

Wala dola haikuachwa nje. Inasimuliwa kwamba Umar (r.a.), akiwa Khalifa, alimwita mwanamke fulani, naye kwa hofu akaharibu mimba njiani. Baadhi ya masahaba walimwambia Umar hana lawama, kwani alikuwa akitekeleza kazi yake. Ali (r.a.) akasema diya ni juu yake, na Umar akakubali.

Sasa turudi Uganda. Katiba ya 1995, kifungu cha 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na malezi tu. Madai ya majeraha huenda mahakama za kawaida, kwa sheria ya uzembe tuliyorithi kwa Waingereza. Mdai anatakiwa kuthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumhudumia, kwamba alishuka chini ya kiwango cha kazi yake, na kwamba madhara yametokana na kushuka huko. Kiwango hupimwa kwa wenzake wa fani, kama ilivyoamuliwa Uingereza katika kesi ya Bolam ya 1957. Mwanafunzi wa fiqhi hatashangaa, maana kadhi naye huwauliza ahlul khibra.

Jambo la tatu ndilo linaloangusha kesi nyingi. Mgonjwa alikuwa taabani tangu mwanzo. Nani ajuaye kama angepona? Hapo anahitajika daktari mwingine wa kutoa ushahidi, na madaktari hawapendi kusimama dhidi ya wenzao.

Hata hivyo kesi hushinda. Mwaka 2011 mama mmoja alifariki katika hospitali ya Nakaseke kwa uchungu uliokwama huku daktari wa zamu hayupo. Mume na watoto wake, pamoja na shirika la CEHURD, waliishtaki serikali ya wilaya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe shilingi milioni 35. Mwaka 2017 wazazi waliopoteza mmoja wa pacha wao Mulago, bila hospitali kueleza mtoto yuko wapi, walipewa milioni 85. Kwangu mimi hizi si pesa nyingi, ukikumbuka Nakaseke ilichukua miaka minne.

Kutoka Nakivale mambo yana ugumu wake. Mgonjwa anaweza kuanzia kituo cha afya cha kambini, akapelekwa Rwekubo, kisha hospitali ya rufaa ya Mbarara. Kosa lilitokea wapi? Kituo cha wilaya unashtaki wilaya. Hospitali ya rufaa unamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kliniki binafsi unamshtaki mwenyewe. Dhidi ya serikali muda kwa kawaida ni miaka 2 tu, na dhidi ya mtu binafsi miaka 3 kwa majeraha ya mwili. Familia inayomsubiri kaka mkubwa arudi kutoka Kongo ndipo iamue, inaweza kukuta mlango umefungwa. Ukimbizi si kizuizi: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani. Refugee Law Project wana ofisi Mbarara. Asiyetaka kesi anaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari, ingawa baraza huadhibu daktari, halilipi familia. Karatasi ndizo roho ya yote haya: barua ya rufaa, fomu ya matibabu, risiti. Ziombwe mapema.

Mahakama nayo hupeleka pande mbili kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza kesi, na sulhu tunaipenda. Ila hapa ndipo ninapoona dhuluma ikipita kwa jina la dini. Wazee hukaa, soda zinanyweka, ami wa marehemu anatia saini kwamba "tumesamehe". Kusamehe diya ni sadaka, kweli. Lakini diya ni ya warithi, kila mmoja kwa fungu lake, na mtu mzima husamehe la kwake tu. Walii hana ruhusa ya kutoa bure mali ya yatima. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiitwa nyumbani kutafsiri karatasi kama hiyo kwa sababu wewe ndiye msomi, uliza kwanza marehemu ameacha watoto wangapi walio chini ya baleghe, na amefariki tarehe gani.